Mkono Usiguse Maji

9 Machi

Juzi paa langu liliondoka na upepo, leo mimi nimeondoka na cherehani. Dada yangu amenipa chumba cha mwisho katika nyumba zake za kupangisha, bure, mpaka mvua ziishe na fundi anirudishie mabati. Alifungua mlango, akaniambia, "Shukuru una pa kujisitiri, mdogo wangu. Wengine hawana." Nikashukuru. Halafu nikavuta pumzi, nikajuta kushukuru.

Pananuka kuku. Jirani zangu wa ukuta mmoja ni familia inayonyonyoa kuku wa tajiri mmoja. Matenga yanaletwa alfajiri, kuku wanachinjwa, wanatumbukizwa kwenye pipa la maji ya moto, wananyonyolewa, wanapangwa kwenye ndoo na kupelekwa mahotelini. Harufu ya manyoya yaliyolowa maji ya moto nisingependa kuieleza, maana bado sijala.

Mimi nashona magauni ya harusi. Riziki yangu ni nguo nyeupe. Nimeletwa kuishi na damu, kinyesi na utumbo. Naandika humu ili nisije nikamwambia dada.

10 Machi

Nimekuta unyoya ndani ya chai.

12 Machi

Leo nimewatazama vizuri, maana dirisha langu halina kingine cha kutazama. Baba ni mrefu, mkavu, anakaa kando ya pipa akichochea kuni, na muda mwingi amefumba macho. Mvivu, nimeamua. Anayenyonyoa ni mama. Anaketi kwenye kigoda, beseni mbele yake, anamgeuza kuku kama mtu anayemvua mtoto nguo. Wana binti wa miaka kama tisa anayezoa manyoya na kuyatia guniani. Wanamwita Kifaranga. Mama huyu nimempa jina mwenyewe: Mama Manyoya.

Jioni alikuja mlangoni. "Shikamoo, mama." Nikaitikia kwa mbali. Akachungulia ndani, akaliona gauni limening'inia, akapiga kofi kwa furaha. "Kumbe tumeletewa bibi harusi!"

Nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kuwa bibi harusi wa mtu, kwa hiyo sikuona cha kuchekesha. Lakini neno limeshika. Uani kote sasa mimi ni Bibi Harusi, hata muuza maji ananiita hivyo.

15 Machi

Mvua kubwa. Mtaro umeziba kwa manyoya, maji yamepanda na kupita mbele ya mlango wangu, mekundu, yana mafuta juu. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Baba akaja, akalala kifudifudi kwenye matope, akaingiza mkono mtaroni hadi begani, akatoa vitu ambavyo sitaviandika. Akasimama, anachuruzika. "Tusamehe, Bibi Harusi. Asante kwa kutuambia."

Nimemtukana, naye ananishukuru! Watu hawa wanashukuru kama wengine wanavyopiga chafya.

16 Machi

Mvua.

19 Machi

Dada amekuja kukagua nyumba zake. Alisimama uani, mtandio umefunika pua, akawatazama kwa muda mrefu. Mama Manyoya alikuwa anafanya kazi, mikono imevimba kwa maji, ngozi nyeupe imejikunja kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Kifaranga alikuwa amelala juu ya gunia la manyoya.

"Ukiwaona hawa," dada akasema, "unamshukuru Mungu kwa ulicho nacho."

"Kweli kabisa," nikamjibu, na nilisema kwa moyo wangu wote. Nilishukuru kwamba mikono yangu ni mikavu. Nilishukuru kwamba nanuka sabuni. Nikaingia ndani nikala, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, chakula kikapita vizuri.

24 Machi

Mama Manyoya amechomwa na ukucha wa jogoo, kidole cha shahada, mkono wa kulia. Amekifunga kwa kitambaa, anaendelea. Nimemwambia aende zahanati. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikamwambia, kama mwalimu.

"Nitaenda Bibi Harusi, ngoja matenga yapungue."

Matenga hayapungui.

28 Machi

Kidole kimekuwa kama ndizi mbivu. Watu wanauita ugonjwa huu mdudu, ingawa ndani hakuna mdudu, kuna usaha tu, na leo nimeuona. Alifungua kitambaa mbele yangu bila kunionya. Nilikimbilia ndani nikaziba mdomo kwa mto.

Hatimaye alikwenda. Nesi alikipasua, akamfunga bandeji, akampa vidonge na amri moja: mkono usiguse maji mpaka kidonda kifunge. Akizembea kidole kitakatwa. Uozo ukipanda, utafuata mkono.

Ananisimulia huku anacheka. "Usiguse maji! Kazi yangu maji. Juu maji. Chini maji. Ameniambia nikae wapi, mbinguni?"

Nami nilicheka. Kisha nikaona anaitazama ile bandeji jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na masanduku.

30 Machi

Mumewe ndiye anayenyonyoa sasa. Anachana ngozi. Tajiri wa Kuku anataka kuku mzima, laini, bila mchubuko, la sivyo hoteli zinamrudishia. Amewarudisha wengi leo. Mama Manyoya anakaa pembeni, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa plastiki, ananyonyoa kwa wa kushoto na kumfokea mumewe: "Taratibu! Unamvuta kama unang'oa msumari!"

Nimejua pia kwa nini anafumba macho. Kabla matenga hayajafika, anakwenda kwa miguu hadi kwenye karakana ya mbao kuokota vipande vikavu, maana kuni za mvua haziwaki. Analala kando ya pipa kwa sababu ndio usingizi wake. Nimerudi kwenye kurasa za nyuma nikalikata lile neno "mvivu". Bado linasomeka.

2 Aprili

Leo nimefanya upumbavu. Niliwaona wameelemewa, nikavaa aproni yangu ya zamani, nikasema, "Hebu nipisheni." Yaani mimi! Mama Manyoya alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniwekea kuku mapajani, bado ana joto. Unavuta manyoya, yanang'oka kwa sauti fulani ndogo. Sauti ile ndiyo ilinimaliza.

Kwa kuku watatu nimetapika mara mbili. Kifaranga alinishikia kichwa. "Pole, bibi. Utazoea," akasema. Sitazoea. Nimeoga mara tatu na bado nanuka, na wao wananishukuru kwa kuku watatu ambao Tajiri aliwakataa wote.

6 Aprili

Kuna jambo la leo ambalo lazima niliandike lote, la sivyo sitalala.

Dada na wanawake wenzake wana kikundi. Kila mwezi wanatembelea mtu mwenye dhiki ili, kwa maneno yao, wajifunze kushukuru. Mwenyekiti wao ndiye mama wa bibi harusi ninayemshonea lile gauni refu la mkia. Leo walikuja hapa. Nilidhani wamekuja kwa ajili ya gauni. Walikuwa wamemfuata Mama Manyoya.

Walikuja wengi, wamevaa sare, viatu vyao vinaruka matope kama paka. Walileta sukari na sabuni, wakaviweka mezani kwanza ili vionekane. Mumewe aliwaletea kigoda, wakakataa kukaa. Mwenyekiti akaanza kuuliza, sauti nyororo, ya kuongea na mtoto mgonjwa.

"Unaamka saa ngapi, mama?"

"Alfajiri, tajiri akileta mzigo."

"Na unalala saa ngapi?"

"Nikimaliza."

"Mmesikia?" Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Akimaliza! Na sisi tunalalamika." Mmoja akaanza kulia. Akamwambukiza mwenzake. Mara uani pote ni leso na mafua.

Ndipo Mwenyekiti akasema, "Na mkono huo? Hebu tuone."

"Umefungwa, mama. Nesi alisema usifunguliwe."

"Kidogo tu. Ili watu wajue."

Mama Manyoya akamtazama dada yangu. Dada yangu ndiye mwenye nyumba. Dada akamwashiria kwa kichwa afungue, akitabasamu. Basi akaifungua. Akanyanyua kile kidole, kimefunguka kama mdomo, na kwenye mkono wa kushoto wakampa kuku amshike ili "kazi ionekane". Mwenyekiti akapiga picha. Akapiga tena, ya kwanza mwanga haukuwa mzuri.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu na sindano mkononi. Sikusema kitu. Gauni la Mwenyekiti lilikuwa nyuma yangu.

Kisha wakaomba kwa sauti. Wakashukuru kwa nyumba zao, waume zao, majiko yao, vidole vyao. Walitaja vidole! Mwanamke mmoja alimshika Mama Manyoya begani, akamwambia kwa machozi, "Umenibariki sana leo. Sitalalamika tena maishani," halafu akajifuta kiganja kwa leso ileile aliyolilia. Wakaondoka wepesi, wanacheka, kama watu waliotoka kuoga.

Dada alibaki nyuma kunong'ona: "Umeona jinsi watu wanavyoguswa?"

Mama Manyoya alikuwa anajifunga bandeji upya kwa meno. Alinigeukia kwa dhati kabisa. "Bibi Harusi, wale walikuwa wanalia nini? Kuna msiba?"

Nimekaa na kinyaa tangu saa ile, na safari hii hakitoki kwa kuku. Usaha ule niliuona nikaziba mdomo. Wale waliutazama wakashiba. Na jambo linaloniwasha zaidi ni kwamba sala yao naijua. Niliisali mwenyewe tarehe kumi na tisa, nikala nikashiba.

8 Aprili

Picha imezunguka kwenye simu za watu. Chini yake wameandika, "Tuliojaliwa, tushukuru." Imefika kwa mwenye hoteli, mwenye hoteli akampigia Tajiri wa Kuku, na leo Tajiri mwenyewe amekuja, hakutuma mtu.

"Mimi sina ugomvi na wewe, mama," alisema. Ni mtu mnene, mstaarabu, anayejifuta jasho. "Lakini nani atakula kuku wa kidole kile? Wewe ungekula?"

"Mkono huu haugusi kuku, tajiri. Nafanya kwa wa kushoto, na baba Kifaranga ananisaidia."

"Picha haisemi hivyo."

Akapakia matenga yake yote. Mama Manyoya alimfuata mpaka barabarani, mvua inanyesha, kaficha mkono ndani ya kanga. Tajiri akasimama, nafikiri alimwonea huruma. "Haya. Siku utakayonionyesha mkono mzima, bila kitambaa, bila kidonda, kuku wako utawapata. Nakuwekea nafasi mpaka mwezi wa tano uanze. Baada ya hapo sitaweza."

"Asante sana, tajiri. Asante."

Nilimwendea dada nyumbani kwake nikamweleza. "Sisi tulikuwa na nia njema," akajibu, na akaniuliza kama gauni la Mwenyekiti linaendelea.

11 Aprili

Uani kimya. Hakuna moshi wala harufu. Nililiombea jambo hili mwezi mzima, na sasa nimelipata sipati usingizi.

14 Aprili

Mume anabeba mizigo sokoni. Anarudi mgongo umepinda, anamkabidhi mkewe unga, analala na viatu. Mama Manyoya hafanyi kazi yoyote yenye maji. Kifaranga anaosha vyombo, anafua, anamwosha mama yake uso. Mvua ikianza tu, mtoto anapiga kelele, "Mama, mkono!" na mama anakimbilia ndani, ameuinua juu kama anayeuliza swali darasani. Imekuwa mchezo wao. Wanacheka kila mara. Jana nami nilijikuta nimepiga kelele, "Mkono!"

20 Aprili

Kidonda kinafunga. Nimekiangalia kwa karibu, bila mto. Nyama mpya, ya waridi, imeanza kutoka pembeni. Nesi amesema wiki moja, kikikaa hivihivi.

Dada amesikia. "Umeona sasa? Ile picha ndiyo imempa mapumziko. Kila jambo lina sababu yake. Hata asante hajaniambia. Kweli asante ya punda ni mateke."

Nilishona siku nzima kwa hasira, na mishono imekuwa midogo na mizuri ajabu.

23 Aprili

Mvua. Mkono mkavu.

25 Aprili

Mvua. Mkavu.

27 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mkavu! Keshokutwa anakwenda kwa nesi, halafu kwa Tajiri. Amenieleza atakavyofanya: atamnyooshea mkono, atakunja kidole, atakunjua. Amefanya mazoezi mbele yangu. Kinakunjika vizuri.

Gauni nalo limebaki shanga za kifuani tu. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, mkia wake unafika mlangoni.

28 Aprili

Gauni limepona!

Mchana mto ulivunja kingo, maji yakaja uani yote kwa pamoja, meusi, na kila uchafu wa mtaa. Niligeuka tu, yako magotini. Cherehani ilianza kuelea upande mmoja. Gauni lilikuwa mezani ndani ya shuka, mimi nikaliinua, lakini ncha ya mkia ilikuwa imeteleza ikanasa kwenye kanyagio la cherehani, chini ya maji. Nikapiga yowe.

Waliingia wote watatu. Chumba chao kilikuwa kinajaa vilevile, nilisikia sufuria zao zinagongana ukutani, lakini waliingia kwangu. Mume akainua cherehani begani peke yake. Kifaranga akapanda kitandani akapokea shela. Mama Manyoya akashika mkia akataka kuunasua.

"Usivute!" nikamwambia. "Lesi itachanika! Inasue kwa vidole, taratibu!"

Akainama. Akainasua kwa vidole, taratibu, bila kuchana hata uzi. Gauni likatoka. Limechafuka shubiri moja tu ya mwisho, ambayo nitaikata na kuweka lesi nyingine, hakuna atakayejua. Tulilipandisha darini juu ya boriti, sote tunacheka kama wendawazimu.

Ee Mungu, nakushukuru kwa kuliokoa gauni langu.

29 Aprili

Tumetoa matope. Magodoro ya jirani yamekwisha, langu limepona kwa sababu kitanda changu kina miguu mirefu. Nimekata ile shubiri. Haionekani.

30 Aprili

Mama Manyoya hakwenda kwa nesi jana, wala leo. Anasema ana baridi. Nimempelekea chai.

2 Mei

Ana homa. Mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Kidole hakina rangi ya kidole. Mumewe amekopa mkokoteni kwa rafiki yake, kesho tunampeleka hospitali. Nimesema "tunampeleka". Nitakwenda.

3 Mei

Nesi alikuwa yuleyule, alihamishiwa zamu huko. Alifungua kitambaa na mimi nikabaki nimesimama, harufu ikanijia usoni, nikaimeza. Akakasirika.

"Wiki mbili zilizopita niliona kwa macho yangu, kilikuwa kinapona. Umekitia wapi? Haya ni maji machafu. Mkono huu uliingia maji gani?"

Ndipo nilipojua. Nilikuwa nimesimama palepale, nimeshika mfuko wake wa nguo, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ndani ya chumba kile kilichojaa maji: inasue kwa vidole, taratibu.

Mama Manyoya alikuwa amefumba macho. Hakugeuza uso upande wangu, hata kidogo.

"Ya mvua tu," akasema. "Niliteleza."

Sikufungua mdomo. Naandika hivyo kama ilivyokuwa. Nesi alinitazama, pengine alidhani mimi ni ndugu, nami nikainamisha kichwa kwa huzuni kama ndugu.

4 Mei

Kimekatwa. Mkono umepona.

5 Mei

Nimefungua ukurasa wa tarehe ishirini na nane nikasoma nilivyoandika. "Gauni limepona!" Nilitaja cherehani, shela, lesi, shubiri moja ya kitambaa. Mkono wa mtu haumo. Wiki ile yote niliandika kama mkono ni mkavu au la, na siku ile moja niliyouingiza majini kwa amri yangu, sikuuona. Halafu nikamshukuru Mungu!

Nimetazama wale wanawake wa sare kwa kinyaa mwezi mzima. Wao walichukua picha, mimi nilichukua kidole. Nikijitazama, mate ya kinyaa yananijaa mdomoni.

8 Mei

Tajiri amepita kumpa pole, ameleta kuku mmoja. Ameutazama mkono, akahema. Kidole cha shahada ndicho kinachonyonyoa, hicho na gumba. Kazi amewapa watu wengine. "Ingekuwa kidole kidogo, mama," alisema, na alikuwa anasikitika kweli.

"Asante kwa kuja, tajiri."

Kuku alikuwa amenyonyolewa ovyo, ngozi imechanika mgongoni. Mama Manyoya alimgeuza mara mbili, akasonya.

9 Mei

Sijamwambia asante wala pole inayostahili. Kila nikitoka mlangoni, ananiwahi: "Bibi Harusi, umekula?"

14 Mei

Nimepeleka gauni kwa Mwenyekiti kwa majaribio ya mwisho. Sebule yao ina zulia ambalo mguu unazama. Dada alikuwepo, na wanakikundi kadhaa, na bibi harusi mwenyewe, msichana mzuri, mpole. Alivaa. Lilimkaa kama limeota juu yake. Mama yake akalia.

"Na tulisikia mafuriko yaliingia mpaka chumbani!" Mwenyekiti akasema. "Jamani, Mungu ameliokoa gauni hili. Tusimame tushukuru."

Wakasimama. Wakashikana mikono. Nami nikashikwa, upande huu dada, upande ule mwanamke wa leso. Mwenyekiti alikuwa ameanza kutamka maneno, halafu akakatiza, akanusa pindo. "Lakini halina harufu ya wale kuku, eti?"

Niliachia mikono yao.

"Lina harufu ya kidole," nikasema. "Yule mama mliyempiga picha ndiye aliyelitoa kwenye maji machafu, kwa mkono uliokatazwa maji. Mimi ndiye niliyemwambia aingize mkono. Kidole kimekatwa. Mkitaka kushukuru, mnajua anapokaa, mlishafika."

Nilidhani wataona aibu. Nilikuwa mjinga, hata sasa. Bibi harusi alijitazama, akaunyanyua mkia kwa ncha za vidole viwili mbali na mguu wake, uso umebadilika rangi. "Mama, nitolee," akasema. "Nitolee, nitatapika." Wakamvua haraka, shanga zikaruka. Siwezi kumlaumu. Uso ule naufahamu, ni wangu wa mwezi wa tatu.

Nje, dada alinishika mkono kwa nguvu. "Umelala bure nyumbani kwangu, na hivi ndivyo unavyonilipa? Huna shukrani!"

"Sina," nikamjibu. Nililibeba gauni kichwani mpaka nyumbani.

18 Mei

Harusi imefanyika leo. Wamenunua gauni la dukani.

20 Mei

Mvua zimekwisha. Fundi amemaliza mabati, keshokutwa nahama. Wao wamehama leo, wanakwenda kukaa kwa kaka wa mume. Mzigo wao wote ulitosha kwenye mkokoteni mmoja, na nafasi ikabaki ya Kifaranga kukaa juu.

Nilikuwa nimejiandaa tangu alfajiri. Nilitaka kumwambia yote kwa mpangilio: kwamba najua, kwamba nilisimama mbele ya nesi nikanyamaza, na kwamba namshukuru, yeye, si Mungu kwa ajili yake. Gauni nimelining'iniza nyuma ya mlango, chini ya shuka, nikaufunga mlango.

Alikuja kuniaga, mkono uliofungwa ameuweka kifuani. Kabla sijafungua mdomo, akaniwahi kama kawaida yake.

"Bibi Harusi, harusi si ilikuwa juzi Jumamosi? Hujatusimulia. Alipendeza?"

Mumewe alikuwa ameshashika mikono ya mkokoteni, akasubiri naye asikie. Kifaranga aliinama kutoka juu ya mzigo.

Nikasema, "Alipendeza."

"Na ule mkia? Pale ulipokata?"

"Hakuna aliyejua. Alipoingia, watu wote walisimama."

"Walisimama!" Akageuka kumtazama mumewe, uso umeng'aa kama siku ile ya kwanza aliponicheka. "Si nilikwambia? Mimi nilikuwa najiambia hospitalini, haidhuru, alimradi yule binti avae apendeze. Basi hakikwenda bure. Nashukuru sana, Bibi Harusi. Nashukuru."

Nikasimama pale mlangoni, nikashukuriwa.